Kalamu za India na Ugonjwa Nisiokuwa Nao

Afisa aliyepokea fomu yangu ya pasipoti alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akapitia ukurasa wa kwanza bila shida. Alipofika kwenye barua ya maelezo ya safari akasimama, akarudia kuisoma, kisha akaniangalia.

"Mama, hapa umeandika unakwenda India kununua kalamu."

"Ndiyo."

"Za kuja kuuza?"

"Za kuandikia."

"Ngapi?"

"Mbili. Labda tatu, zikinipendeza."

Akatafuta namna ya kunisaidia. "Mama, wengi ninaowaona wakienda India wanakwenda kwa matibabu. Kama ni matibabu, usione aibu. Andika tu."

"Siumwi, mwanangu."

"Basi tuandike matembezi."

Nikakataa. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na nane. Nimewashikisha watu Biblia na Msahafu waape kusema kweli, wengine wakiwa wanatetemeka kwa sababu walijua wanakwenda kusema uongo. Sikuona kwa nini nianze mimi uzeeni, tena kwa maandishi. Binti akacheka, akaipokea fomu yangu kama ilivyo.

Kosa langu ni kwamba sikugeuka nyuma. Kwenye benchi alikaa jirani yangu wa hapa Utemini, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, aliyekuja kufuatilia pasipoti ya mwanawe. Ni mtu mwema kabisa. Ila sikio lake moja halisikii sawasawa, na siku hiyo ndilo lililokuwa limeelekea upande wetu. Katika maneno yote tuliyosema, yeye alipata mawili: India na matibabu.

Habari ya kalamu ilianza kwa baba yetu. Alikuwa tabibu wa zahanati huko Kilimatinde, na alikuwa na kalamu moja ya wino, ya kujaza, yenye nibu, ile ncha ya chuma. Kila jioni aliiosha kwa maji ya vuguvugu, akaifuta kwa pamba, akaijaza kwa ajili ya kesho. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuipulizia. Dada yangu mkubwa hakujali, yeye alipenda shamba. Mimi nilikuwa nakaa karibu na meza kama paka anayesubiri utumbo. Nilipoajiriwa mahakamani, baba aliitoa mfukoni akanipa bila hotuba yoyote.

Nimeandika kwa kalamu hiyo kesi za ng'ombe, za mipaka ya mashamba, za mahari na za talaka. Hakimu mmoja alikuwa akisema mwandiko wangu anaweza kuusoma bila miwani. Halafu, mwaka niliostaafu, kalamu ikapasuka kiunoni. Nilikuwa nikimwandikia mdogo wa mume wangu barua, mara wino wote ukaja mkononi, ukashuka kwenye kitambaa cha meza nilichokifuma mwenyewe.

Mume wangu ana mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, na kwake hakuna kitu kisichotengenezeka. Aliigandisha kwa gundi. Ikavuja. Akakata mpira wa baiskeli akaufunga kama pete. Ikashika miezi mitatu, ikavuja tena, safari hii nikiwa nimeichomeka kwenye blauzi nyeupe msibani. Watu walidhani nimechomwa kisu nikatoka damu ya buluu.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa mjini mwenye duka la vifaa vya shule. Ukoo wake ulitoka Pwani zamani, wakaoleana na watu wa hapa, na duka hilo alilirithi kwa baba yake.

"Shikamoo, mzee. Natafuta kalamu ya wino."

"Marahaba." Akaniwekea pakiti nzima ya kalamu za jeli.

"Siyo hizi. Ile ya kujaza, yenye nibu."

Akavua miwani. "Mwanangu, mara ya mwisho kuulizwa hiyo, marehemu baba alikuwa hai, na alijibu kwamba zimekwisha."

Binti yangu anayeishi Dodoma ndiye aliyenionyesha video kwenye simu. Mzee mmoja wa kusini mwa India, amekaa chini, anachonga kalamu moja moja kwa mkono kutoka kwenye kipande cha mpira mgumu mweusi. Niliitazama video ile mara nyingi kuliko video ya harusi ya binti mwenyewe. Nikaandika barua, binti akaitia kwenye Kiingereza akamtumia. Yule mzee akajibu: kalamu anaweza kutuma kwa posta, lakini nibu hukatwa kufuata mkono wa mtu. Afadhali nije, nikae mbele yake, niandike, autazame mkono wangu unavyolala kwenye karatasi.

Sijaambiwa maneno matamu namna hiyo tangu nilipoposwa, na hata nilipoposwa hayakufika hapo. Nikamsomea mume wangu.

"Anataka kutazama mkono tu?" akauliza.

"Mkono tu."

"Basi nenda."

Ndivyo nilivyofika kwa yule binti wa pasipoti. Sasa, wiki ileile, mashine ya mume wangu iliharibika. Mashine hiyo ilitengenezwa India, na alikuwa amewaambia wateja wote kwamba anasubiri kifaa kutoka huko. Mimi sikuwepo, lakini maneno yao nimeyapata kwa wote wawili, na yanafanana kama ushahidi wa watu wakweli.

Jirani yangu wa kwaya alimfuata pale kwenye mashine, akasimama kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, pole sana. Nimesikia habari ya India."

"Ahsante," mume wangu akajibu. "Ndiyo hali halisi."

"Tatizo ni nini hasa?"

"Pampu."

Jirani akajishika kifuani. "Pampu!"

"Imechoka. Miaka yote hiyo inapiga kazi bila kupumzika, mafuta yameganda ndani. Fundi wa hapa amefungua, amefunga, amesema hawezi."

"Amefungua?"

"Mara mbili. Tena mbele yangu."

"Na huko India watafanyaje?"

"Huko ni kubadilisha tu. Wanatoa ya zamani wanaweka nyingine. Mpya zipo, na zilizotumika zipo, ila mimi sitaki iliyotumika."

Jirani aliondoka akilia. Mume wangu aliguswa sana. Aliponisimulia jioni alisema hajawahi kuona mtu anayejali biashara ya mwenzake kiasi kile.

Kuanzia kesho yake watu wakaanza kuja. Mwanzoni sikushuku, maana hapa mtu huja tu. Lakini walikuwa wakibisha hodi kwa upole usio wa kawaida. Wakikaa, wananitazama kifuani. Nikinyanyuka kuwachemshia chai, watatu wananyanyuka nami kunizuia. Na kila aliyekuja hakuja mikono mitupu: huyu kuku, yule lita ya asali, mwingine unga wa uwele, kisha kuku tena. Ilipofika Ijumaa nilikuwa na kuku tisa uani, na jogoo wawili kati yao wakigombana mchana kutwa.

"Wanakuaga kwa heshima ya kustaafu," mume wangu akasema. "Wamechelewa tu."

Nikaamini, kwa sababu ilinipendeza kuamini.

Jumamosi akafika dada yangu mkubwa kutoka Misigiri. Nilimwona akiteremka kwenye pikipiki, kuku wawili wamening'inia mkononi, kanga kaifunga kichwani kwa mkazo wa mtu anayekwenda kuzika. Nikakimbia kumpokea.

"Shikamoo, dada."

"Usikimbie!" akapiga kelele. "Nani amekuruhusu kukimbia?"

Akaniingiza ndani kwa kunishika kiwiko, akanilaza kwenye kochi la nyumba yangu mwenyewe, akanivua viatu. Halafu akaanza kunigombeza kwa Kinyiramba, lugha ambayo dada huitumia mambo yakiwa makubwa. Kwa nini amesikia kwa watu? Yeye si wa tumbo moja na mimi? Moyo unakufa kifuani, mtu anakaa kimya?

"Moyo gani?"

"Wako! Si unakwenda India kubadilishwa moyo?"

Nikakaa. Nikamweleza taratibu kwamba moyo wangu ni mzima, ninakwenda India kununua kalamu. Nikamwonyesha ya baba iliyopasuka. Nikamwonyesha na video. Aliitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akanirudishia simu, akatazama kuku wake wawili waliofungwa miguu pale mlangoni.

"Bora ungekuwa mgonjwa," akasema.

"Dada!"

"Ugonjwa nitamweleza mtu. Nimeaga kijiji kizima. Watu wameniombea barabarani. Nirudi niseme nini? Kalamu?"

Jumapili tulikwenda ibadani, mimi nikiwa nimeamua kumaliza jambo hilo hadharani. Kabla sijapata nafasi, mwinjilisti akaniita mbele. Akasema dada yetu mpendwa yuko katika bonde la uvuli, anasafiri kwenda mbali, tumwombee. Kanisa zima likainama. Nikaomba kusema neno. Akanipa kipaza sauti.

Nikasema kwa sauti ya mahakamani, ile ya kuita mashahidi walioko nje: "Ndugu zangu, mimi si mgonjwa!"

"Ameeeni!" kanisa likajibu.

"Nasema kweli. Moyo wangu ni mzima!"

"Ameeeni! Kiri, mama!"

"Hapana, sikilizeni. Sikiri. Nina maana siumwi kabisa, nakwenda India kununua kalamu!"

Hapo vichwa vikainuka. Nikaona wananielewa. Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama, machozi yanamtoka, akasema, "Tazameni imani! Anakwenda kwenye kisu, yeye anazungumza habari ya kalamu!" Vigelegele vikapaa. Kwaya ikaanza wimbo, jirani yangu akiongoza. Na sauti ya "amina" iliyozidi zote, niliyoisikia juu ya ngoma na kinanda, ilikuwa ya dada yangu. Nilimtazama. Akakwepa macho yangu. Alikuwa amechagua upande.

Tulipotoka nje, jirani akamshika mume wangu mkono akamwambia, "Shemeji, Mungu atampa pampu nyingine."

Mume wangu alisimama palepale. Nikaona uso wake ukifanya hesabu, neno moja moja, kurudi mpaka siku ile ya kwenye mashine. Kisha akaegemea ukuta wa kanisa akacheka mpaka akateremka akakaa chini. Waumini wakamzunguka kumpepea. Walidhani uchungu umemzidi.

Juma lile tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi, yeye na kapu la kuku, tukieleza. Hakuna aliyekubali kurudishiwa. Wengine walisema sadaka hairudi mlangoni. Wengine walicheka, wakatushukuru kwa kuwachekesha. Wachache hawakuamini na hawaamini hadi leo. Jirani yangu wa kwaya alinuna siku tatu, akisema tumemfanya aonekane mzushi, nami nikamwomba msamaha ingawa sikujua kwa kosa gani. Mpaka sasa tukipanda kilima pamoja yeye hutembea nyuma yangu, akisikiliza ninavyopumua.

Mtu mmoja tu hakunishangaa. Yule mzee wa duka la vifaa vya shule aliposikia, alinitumia salamu nipite. Akanipa karatasi aliyoandika herufi za Kiarabu, baadhi nene, baadhi nyembamba. Akaniagiza kalamu yenye nibu iliyokatwa mshazari, ya kuandikia hivyo. "Mwambie huyo mchongaji," akasema, "mwandishi wake anaandika kutoka kulia. Asije akaikata kinyume."

Dada hakuondoka. Alisema anasubiri habari ipoe huko Misigiri. Akawa anakaa nami asubuhi barazani nikiandika kwa kalamu ya baba, nikiizungushia kitambaa pale inapovuja. Siku moja akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokihitaji, "Hiyo kalamu inapita yenyewe, au unaisukuma?"

"Inapita yenyewe."

"Hebu."

Nikampa. Dada aliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wake umeshika jembe kuliko kitu kingine chochote. Aliikamata kalamu kama mpini. Akaandika jina lake polepole, ulimi nje, na karatasi ikachanika mahali pawili. Vidole vitatu vikawa vya buluu. Akalitazama jina lake, akalipulizia likauke, kama baba alivyokuwa akifanya, ingawa sidhani kama yeye alijua.

"Huyo mzee wako," akasema, "anazo za mtu mwenye mkono mzito?"

Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia mzee wa India kwa kupitia binti yangu. Jibu lilikuja kesho yake. Alisema mwandishi huyu anaandika kama analima, na kwamba atamtengenezea nibu nene ya chuma, lakini lazima naye aje, akae mbele yake, amwone.

Nilimsomea dada. Akainua kichwa kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Mjibu," akasema. "Mwambie ni kweli, nalima. Alizeti na uwele. Mwambie siwezi kuja kabla ya mavuno."

Kwa hiyo tunasubiri mavuno. Mume wangu amepata pampu, mashine inanguruma. Kuku wamebaki saba.