Hawayu Hakuiba 142857

Mpaka sasa moyo unakataa. Hawayu wangu ametangulia, jana tumemzika hapa Garsen, na naandika hii nikiwa na hasira. Mnisamehe. Au msinisamehe, sawa tu.

MC alisoma eulogy: "Marehemu hakubahatika kwenda shule."

Hakubahatika?! Mimi nilikaa naye deski moja!

Miaka ya hamsini, shule ndogo kando ya Tana. Wasichana darasani tulikuwa mimi na yeye tu.

Siku moja tulipewa kugawa moja kwa saba. Haiishi! Wengine tukachoka, tukaweka chaki chini. Hawayu akaendelea mpaka akaona tarakimu zinarudi zilezile: 142857, tena 142857.

Mwingine angeishia hapo. Yeye akaichukua namba hiyo akaanza kuizidisha. Kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Akanipiga kiwiko. "Shoga, tazama! Ni zilezile, zimehama foleni tu!"

Nne, tano, sita, vivyo hivyo. Kwa saba zikatoweka zote: 999999. Alicheka hadi akapaliwa.

Akampelekea hedimasta kibao chake, amekishika kwa mikono miwili kwa adabu.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeiona mwenyewe."

"Mwongo. Mtoto wa kike aone hili? Umeliiba mahali."

Viboko. Kisha baba yake akaitwa kutoka shamba la mpunga, akaja miguu ina tope. Sharti likawa moja: binti akiri ameiba, la sivyo asirudi.

Mzee wa watu akamsihi, "Sema tu, mwanangu, yaishe."

Hawayu analia, lakini akajibu: "Baba, nimwibie nani? Namba haina mwenyewe."

Hakurudi darasani tena. Hedimasta yeye alipandishwa cheo. Wacha tu!

Aliolewa, akalima, akalea. Namba yake hakuiacha. Juzijuzi tunapepeta mpunga, bibi mzima wa miaka themanini na ushee, ananiambia: "Ikate katikati. 142 na 857. Jumlisha uone." Nikajumlisha. 999. Ananicheka mimi niliyemaliza shule!

Basi jana uzalendo ulinishinda. Niliinuka na mkongojo wangu, nikamnyang'anya MC maikrofoni. Nikasema: huyu alisoma, akafukuzwa kwa sababu alikuwa na akili na hakukubali kujiita mwizi.

Mwanawe mkubwa, naye ni mwalimu, akakaa chini pale pale mchangani. "Mama hakutuambia kamwe."

Angewaambiaje? Mara ya kwanza aliposema ukweli alichapwa.

Na ninyi mnaoandika eulogy, ulizeni kwanza! Mtu haziki historia ya mwenzake kwa neno moja la uvivu.

Hawayu, ndugu yangu, hukuiba. Nimelisema mbele ya wanao, wajukuu zako na kijiji kizima.

Nenda ukapumzike, shoga. Hasira niachie mimi.