Boriti za Chumba cha Bibi

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Maskati, kwenye nyumba kongwe ya matao iliyosemekana kujengwa na Wareno. Dari ya chumba cha bibi ilikuwa imepasuka. Baba alikwisha kuomba ruhusa ya kuitengeneza, maana enzi hizo bila ruhusa ya serikali hakuna aliyethubutu kutengeneza hata nyumba yake mwenyewe.

"Mama, hamia chumba cha watoto," alimsihi.

"Boriti hizi zimetoka kwetu Unguja, kama mimi. Nnalala hapahapa."

"Bibi, nani kakwambia zimetoka Unguja?" niliuliza.

"Nenda kalale na maswali yako."

Alfajiri ilinyesha mvua, dari ikamwangukia.

Ruhusa ilikuja baada ya matanga. Mafundi walizipangusa boriti zilezile, wakazirudisha juu, wakapaka chokaa. Nilimuuliza baba kwa nini tulingoja. Akaniambia niwapishe mafundi.