Kahawa Iliyobaki Mtini

Nakumbuka Jumatatu moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, wewe bado nakubeba mgongoni. Huku kwetu mlimani Meru, kahawa ikishaiva hakuna mwenye nafasi ya kitu kingine. Sasa jana yake, baada ya ibada, nesi alisimama nje ya kanisa kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, kabla hata ndizi hazijauzwa, akatangaza: kesho zahanati inapima saratani ya mlango wa kizazi, bure. Akasema dunia nzima imekubaliana kuumaliza ugonjwa huu. Wasichana wachanjwe, wanawake wapimwe, atakayekutwa na dalili atibiwe mapema.

Mama mkubwa Elinipa, dada wa mama yangu, hakuwa anaumwa popote. Asubuhi akajifunga kikapu kiunoni.

"Nesi huyo hana shamba," alisema. "Nitaenda tukimaliza kuchuma. Halafu mimi, mama wa watoto sita, nikavuliwe nguo na kibinti?"

Bibi, mama yao, alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Na hao sita uliwazaa umevaa koti?"

Nilicheka mpaka ukaamka. Bibi hakucheka. Aliweka kisu chini, akamfungua kikapu.

"Elinipa, kahawa hata jirani atachuma. Wewe nitakuzaa tena, na umri huu? Twende."

Kule zahanati nesi alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, kikaonekana kidoa cheupe. Haikuwa saratani, alieleza, ila kikiachwa miaka kinaweza kuwa. Akakichoma kwa joto palepale. Mama mkubwa alirudi kwa miguu yake, amenuna kwa ajili ya kahawa iliyobaki mtini. Mwaka uliofuata alipimwa tena, akakutwa mzima. Jirani yetu mmoja alingoja msimu uishe, ukaja mwingine, akangoja na huo, mpaka damu ikaanza kumtoka. Tulimzika.

Kesho, mwanangu, manesi wanakuja shuleni kwenu na chanjo ya ugonjwa huo. Toa mkono. Inauma kidogo, basi, unarudi darasani. Na ukishakuwa mtu mzima, hata kama ulichanjwa, nenda ukapimwe ungali huumwi, usingoje dalili. Ukimwona mwenzako anaahirisha, mshike mkono mwende wote. Usimwachie aibu imshauri.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe mvi nyingi, na wajukuu wa kukuchosha kwa kelele.