Bi Kache Kavuka Ng'ambo

Shangazi yangu Bi Kache ameimba vugo Mji wa Kale tangu mimi sijazaliwa. Vugo ni ya wanawake, siku za harusi: pembe zinagongwa kwa vijiti, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Huyo mmoja alikuwa yeye, Mgiriama wa Kaloleni aliyeletwa mjini na kazi ya kufagia maghala ya Shimanzi, akasilimu, akaolewa, akakaa. Alikuwa anaweza kumsifu bibi harusi na kumchoma mama mkwe katika ubeti mmoja, na mama mkwe mwenyewe akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Sijisifii damu yangu. Nenda kaulize.

Mwaka jana zile ngazi za nyumba yake zilimshinda, akahamia kwangu Likoni. Akawa anangoja aitwe. Mwezi wa Ramadhani ukaisha, harusi zikaanza, simu kimya. Ikilia anairukia, kumbe ni kampuni na matangazo yao ya upuzi.

"Kadzo," akaniuliza, "wamenichoka? Au leo ndiyo wamekumbuka kuwa mimi ni mtu wa kuja?"

Nikamwambia aache maneno hayo, lakini mwenyewe nilikuwa nachemka. Miaka yote ile ameozesha watoto wao! Mwisho akavaa buibui, akasema anakwenda kuwauliza wenyewe, macho kwa macho, kama bado wanamtaka au la.

Tukavuka feri, tukapanda tuktuk. Kufika mtaani kwake, ukuta mzima umechorwa. Ni wasanii wa mtaa: mpiga udi, mtunga mashairi, fundi wa kuchonga milango, na mwisho kabisa shangazi yangu, pembe mkononi, kinywa wazi. Mashallah, kafanana mpaka lile pengo la meno! Miwani alikuwa kaiacha nyumbani, akaniambia nimsomee maandishi ya chini.

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Kwani pameandikwa nini?"

"Marehemu."

"Marehemu nani?"

"Wewe, shangazi."

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi, anamtia rangi mpiga udi. Kijana wa Bungoma, Wekesa jina lake. Aligeuka, akamwona shangazi, brashi ikamtoka mkononi, akashuka nusu kwa miguu nusu kwa makalio. Nilimkamata shati palepale.

"Nani kakwambia huyu amekufa?"

"Walinambia hapahapa, dada! Niliuliza Bi Kache yuko wapi nije nimchore, wakanijibu, Bi Kache kavuka ng'ambo, wakanipa picha yake."

"Ng'ambo Likoni, wewe! Kavuka na feri!"

"Kwetu kanisani mtu akivuka ng'ambo ndiyo basi," akasema. "Mimi ni mwanakwaya. Ng'ambo tunayoimba ni mbinguni."

Ningemzaba kofi, Mungu ni shahidi. Lakini nyuma yangu nikasikia kicheko. Shangazi alikuwa kaushika ukuta kwa mkono mmoja, anacheka, machozi yanamtiririka.

"Hawakunichoka, Kadzo! Walidhani nimekufa! Sasa maiti nani amwite harusini?"

Mlango wa pili ukafunguka. Akatoka Bi Swabaha, mwitikiaji wake wa vugo tangu usichana wao. Alipomwona alipiga ukelele, "Audhubillahi!" akakaa barazani kitako. Ilibidi shangazi amshike mikono ndipo aamini. Akamkumbatia, analia.

"Mwenzangu, tumekulilia sisi! Tulijua umehamia Likoni. Tulipoona ukutani marehemu, tukasema, basi keshafia hukohuko. Nilikusomea hitima hapa mlangoni kwangu, mtaa mzima ukaja. Nililia mpaka sauti ikakauka."

Shangazi akaacha kucheka. Alijitoa pole pole kwenye ile mikono.

"Mlisikia nimefia Likoni."

"Ndiyo, mwenzangu."

"Nani alivuka kuja kunizika?"

Bi Swabaha akaanza kuurekebisha ushungi wake.

"Nani alikuja kumpa pole huyu Kadzo? Namba yangu unayo, Swabaha. Hukupiga hata kuuliza maradhi gani yaliyoniua?"

"Tulidhani mazishi yashapita..."

"Nani alikwambia yamepita?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo, pamoja na ukali wangu wote. Niliwatazama wanawake waliokuwa wamejaa madirishani. Mmoja mmoja wakawa wanarudisha vichwa ndani.

"Lakini upo!" Bi Swabaha akasema, anafuta uso kwa ushungi. "Alhamdulillahi upo! Alhamisi binti yangu Zakiya anaolewa. Njoo ututolee wimbo, kama zamani."

Ndio mwaliko aliokuwa akiungoja. Shangazi akamgeuzia mwenzake mgongo.

Wekesa alikuwa keshaokota brashi, keshaichovya kwenye rangi nyeupe. "Nisamehe, mama," akasema. "Nalifuta hilo neno sasa hivi."

"Liache, mwanangu," shangazi akamwambia. "Kwa hawa hukukosea."

Akaniashiria twende. Aliyekuwa akitukana njia nzima mpaka kwenye feri ni mimi.