Mkanda Alioukataa Kiberiti

Mpaka leo, Kiberiti akipita mahali wanapochomelea vyuma hupunguza mwendo. Wenzake hudhani anapumzisha mguu. Sivyo. Harufu ile ya chuma kilichoungua humrudisha kwenye karakana moja yenye mlango wa bati, na kwenye ukumbi uliokuwa nyuma yake, ambako alimaliza Jumamosi za ujana wake akipiga na kupigwa. Hana hakika kama alipata kufurahi vile tena.

Jina la Kiberiti alipewa na kaka zake utotoni, kwa umbo lake dogo na hasira zake za karibu. Likamganda. Hata kwenye kiwanda cha mikate alikoajiriwa baada ya shule, msimamizi alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kukanda na kukata unga kwenye meza ndefu ya bati, nayo ilimjengea mabega ambayo wanaume wa zamu yake waliyaonea wivu. Mguu wa kushoto ulikuwa habari nyingine. Aliugua akiwa mdogo, homa ikapita, mguu ukabaki mwembamba na goti halikunjiki. Alitembea kwa msaada wa vyuma viwili vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi.

Siku moja chuma kimoja kikakatika akiwa kazini. Akajikongoja hadi kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye kipara na maneno ya kuhesabu. Fundi akakichukua kile chuma, akamwonyesha debe la kukalia, akashusha kinyago chake usoni. Kiberiti alipokuwa anasubiri, akasikia makelele nyuma ya ukuta.

"Jamani, nani anauawa huko?"

"Hakuna. Wanafunzi wangu hao, wanapasha misuli moto."

"Wanafunzi wa nini?"

"Karate."

Kiberiti akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Aliona watu wazima wako peku, wamevaa nguo nyeupe zilizofifia, wanarusha ngumi hewani kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa karani wa posta, yule yule aliyemuuzia stempu kila mara kwa uso wa kununa. Huku alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka chooni.

"Na mimi nifundishe," Kiberiti akasema.

Fundi akakitumbukiza chuma majini, kikachemka, akakigeuza kuukagua mshono. "Jumamosi, saa kumi. Vaa suruali pana ipite juu ya vyuma."

Hakumuuliza ataweza vipi. Hilo Kiberiti hakulisahau.

Nyumbani, mama yake alikuja juu. "Mwanangu, mguu mmoja ulishatutia majonzi. Na huo mzima nao unaupeleka ukavunjwe?"

"Mama, mimi naenda kuuvunja wa mwenzangu."

Mama akacheka hadi akajishika mbavu, na kicheko hicho ndicho kikawa ruhusa.

Sakafu ya ule ukumbi ilikuwa ya saruji, juu yake yametandazwa magunia yaliyojazwa sponji. Mvua ikinyesha bati lilipiga kelele, na Mwalimu, kama walivyomwita fundi wakiwa ndani, ilimbidi afundishe kwa ishara. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Wenzake waliliogopa, wengine walikakamaa kama mbao na kuumia viwiko. Kiberiti alikuwa ameanguka maisha yake yote, kwenye ngazi, kwenye foleni, mbele ya watu waliojifanya hawakuona. Hakujua kwamba ule ni ujuzi. Mwalimu akalisimamisha darasa. "Mtazameni anavyoinuka," akasema. Kiberiti akaangukia ubavu, akageuza nyonga, akaweka mkono chini, akausimika mguu mzima, huyo amesimama. Alikuwa binti mkubwa mwenye kazi yake, lakini usiku ule alimsimulia mama kama mtoto aliyetoka shule.

Mikanda ya mwanzo Mwalimu aliitahini mwenyewe, na Kiberiti akaipata kwa jasho kama wenzake. Mkanda wa kahawia ulikuwa na mambo yake. Ulihitaji mtahini kutoka makao makuu ya chama, na masharti yaliyobandikwa ukutani: teke la usawa wa kichwa kwa miguu yote miwili, na mfululizo wa hatua ambao katikati yake mtu hupiga goti chini. Kiberiti aliyasoma masharti yale hadi akayakariri.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa mzee mwenye uso wa upole na viatu vinavyong'aa. Wakaitwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Kiberiti, yule mzee akautazama mguu, akatabasamu.

"Wewe binti, keti tu. Kwa moyo huo ulio nao, umeshafaulu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Akafungwa mkanda wa kahawia kiunoni, wakapiga picha. Kwenye picha ile anacheka. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani alijisikia kama mtu aliyeshangiliwa kwa kuvuka barabara, jambo ambalo lilishamtokea kweli, tena zaidi ya mara moja. Jumatatu kiwandani wakamzunguka. "Hongera, bwana! Ulimpiga nani?" Akauangukia unga, akaukanda kwa nguvu mpaka msimamizi akamuuliza umemkosea nini.

Jumamosi iliyofuata aliingia ukumbini amevaa mkanda wake wa zamani, ule mpya ameukunja mkononi. Akamkabidhi Mwalimu.

"Mimi sikufanya mtihani."

"Ulitaka akufelishe?"

"Nilitaka anitazame kwanza."

Kabla Mwalimu hajajibu, karani wa posta akasogea. "Afadhali umesema mwenyewe, dada. Mimi nilinyamaza, lakini roho iliniuma. Lile teke la kushoto nimelihangaikia hadi nikawa siwezi kukaa kwenye kiti cha kazini. Kama wewe unapita bila hilo, langu lina maana gani?"

Watu wakamrukia. Huna haya wewe, huna utu. Karani akainamisha kichwa, masikio yamemwiva.

"Mwacheni," Kiberiti akasema. "Nyinyi wote mlipiga makofi. Huyu ndiye pekee anayeniona mshindani wake."

Siku ile hapakuwa na mazoezi. Walikaa kwenye magunia wakabishana. Mwalimu akamgeukia karani. "Teke la juu kazi yake nini?"

"Kumfikia mtu kichwani kabla hajakufikia wewe."

"Na kupiga goti?"

"Kushuka chini ya pigo, halafu kuinuka bado unajilinda."

"Basi atahiniwe kazi hizo. Njia ya kuzifanya aitafute mwenyewe."

"Sawa, ila asirahisishiwe."

"Nani amesema rahisi? Atakayesimama mbele yake ni wewe."

Mwalimu akafunga karakana, akasafiri hadi makao makuu ya chama, akabishana nao mpaka wakachoka. Wakakubali, kwa sharti kwamba mtahini awe yule yule mzee.

Ile miezi ya maandalizi ndiyo Kiberiti anayoikumbuka kuliko yote. Akitoka zamu, unga bado umo kwenye nywele, alimkuta karani ameshafika, amening'iniza sare yake ya posta kwenye msumari, na chai ya mke wa Mwalimu, yenye kunuka moshi, inawangoja. Hawakuwa na huruma hata kidogo. Siku moja chuma chake kilimgonga karani kwenye muundi, karani akaruka kwa mguu mmoja ukumbi mzima. "Haya, sasa tumekuwa wawili," Kiberiti akamwambia, na wote wawili wakaketi chini kwa kucheka. Tangu hapo akawa anavifunga vyuma kwa sponji na kitambaa. Polepole akaipata njia yake. Alimwacha karani aje, akausimika mguu mkavu kama nguzo, akauzungukia, akamkamata ukosi na kumvuta. Teke lake halikufika kichwani kwa mtu, kwa hiyo kichwa alikishusha chini kikutane na kiwiko. Badala ya kupiga goti, aliangukia ubavu chini ya pigo, akainuka mkono mmoja bado unamlinda.

Mtahini akarudi. Safari hii hakutabasamu. Alikaa akaegemea mbele, macho hayabanduki. Kiberiti alianza vizuri. Kisha karani, aliyemjua ndani nje, akabadilisha upande. Akamjia kushoto, akamgusa mbavuni. Akarudia. Akarudia tena. Kila Kiberiti alipogeuka, alichelewa.

"Upande wa kushoto umeuacha wazi," mtahini akasema. "Hujafaulu."

Mwalimu alitazama sakafu. Kiberiti akainama kwa heshima, akakusanya nguo zake, akatoka. Mama alimkuta mlangoni anahema.

"Umefaulu?"

"Nimefeli, mama! Nimefeli kabisa!"

"Sasa mbona meno yote nje?"

"Amenifelisha kwa ajili ya mbavu. Mguu hakuutaja hata kidogo."

Mama alimtazama kama anayefikiria kumpeleka hospitali. Kesho yake, akifua zile nguo nyeupe, Kiberiti alilia, maana kushindwa ni kushindwa. Akazianika, machozi yakakauka kabla ya nguo.

Awamu iliyofuata hakumpa karani nafasi kushoto. Alijifunza kuuweka ukuta kushoto kwake, kisha kumlazimisha mpinzani aje upande anaoutaka yeye. Siku ya mtihani alimpasua mdomo, kwa bahati mbaya, na karani akawa anauonyesha ule uvimbe kwa wateja posta kama medali. Mtahini alipomfunga Kiberiti mkanda, alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, "Ile mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kuwa mwema. Nisamehe, mwanangu."

Baada ya hapo chama kiliandika upya masharti yake. Kila pigo likaandikiwa kazi yake, na mtu akatahiniwa kwa kazi. Akaja mshonaji asiye na mkono mmoja, akaja mwalimu wa shule asiyesikia. Wengine walifaulu, wengine walifeli wakarudi. Karani mwenyewe alipoharibika mgongo, akaomba atahiniwe kwa utaratibu ule ule, na hakuna aliyelalamikia ugumu wake kumzidi yeye. Kiberiti hakuipoteza nafasi. "Asirahisishiwe!" alimpigia kelele kutoka kwenye benchi.

Ukumbi ule sasa haupo. Macho ya Mwalimu yalichoshwa na moto, akahamia kwa binti yake, na pale pa karakana wanauza vigae. Mama ametangulia. Kiberiti ni msimamizi wa zamu kiwandani, na Jumamosi anafundisha kwenye bwalo la shule lenye sakafu nyororo, taa nyingi na vioo ukuta mzima. Kuna raha kila upande. Hata hivyo hujikuta anasikiliza, akingoja mvua ipige bati.

Karani alistaafu, akahamia mji mwingine. Humpigia simu jioni jioni, bila sababu.

"Hivi unaikumbuka ile chai ya mke wa Mwalimu?" alimuuliza majuzi.

"Ile ya kunuka moshi?"

"Hiyo hiyo. Ilikuwa mbaya, bwana."

"Mbaya mno."



"Ningepata kikombe sasa hivi," akasema karani.

"Mimi ningekunywa viwili," akajibu Kiberiti.