Mtutu Umebadilishwa, Gogo Limekwisha

Wewe msomaji una shida moja. Ukisikia neno bunduki unaruka moja kwa moja kwa majambazi na polisi, halafu unaniandikia hapa chini ati nimelipwa na nani. Tulia. Bunduki ya hii hadithi haijapiga mtu. Haijapiga hata swara. Ilifanya uharibifu wake kabla ya kuunganishwa, huku Shirere, kwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba za kukodisha, na mtu ambaye ilimwangusha anaitwa Shikanga.

Kama umewahi kusoma chuo hapa Kakamega, pengine umelala kwa kitanda chake. Wanafunzi huja bila kitu, yeye huwapigia vitanda vya mbao rahisi. Lakini vitanda alijifunza kwa sababu ya njaa. Kazi ya damu yake ni ngoma. Baba yake, mzee Barnaba, alikuwanga anachonga isukuti na kuipiga kwa matanga, ile ngoma kubwa ya kubana kwapani, na watu wa mpaka Navakholo walikuwa wanamtumia mtu wa kumwita. Ngoma yake ya mwisho iliazimwa na watu wa kampeni. Ikarudi imepasuka kutoka juu mpaka chini, na hakuna aliyesema pole.

Sasa mzee hatoki kitandani na macho yamekwisha. Kitu kimoja tu ndicho alikuwa ameomba. Kando ya jikoni alipanda mukomari akiwa kijana, mti wa ngoma, mwepesi na wenye sauti. Upepo ukauangusha. Wakakata kipande kinene zaidi, wakakiweka darini juu ya meko, moshi ukikaushe polepole. Kimekaa huko miaka.

"Omwana wanje, mwanangu, nichongee ngoma kwa ule mti wangu," mzee alikuwa anamwambia. "Mkiipiga siku ya kunizika nitasikia nini? Mimi nataka kuisikia sasa."

"Kesho, Papa."

Unajua hiyo kesho. Ngozi ilishapatikana, ikakauka, ikaning'inia kwa msumari. Gogo liko juu, ngozi iko ukutani, na katikati yao mwanafunzi anabisha anataka kitanda kabla ya Jumatatu.

Halafu Kipyegon akapiga simu. Huyu ni fundi wa bunduki Nairobi, mwenye leseni na karakana yake, na alikuwa ameona ngoma ya Shikanga kwenye video ya harusi fulani. Alikuwa na mteja ambaye huvuka kwenda kuwinda Tanzania na kibali chake, maana hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku zamani. Mteja anataka bunduki ya kutengenezewa yeye peke yake. Kipyegon atafanya chuma, Shikanga achonge mbao yote, kitako mpaka mahali pa kulalia mtutu.

"Fundi, jamaa anataka kitu chepesi. Anapanda milima nayo mchana kutwa."

"Chepesi kama nini?"

"Kama mwavuli, ukiweza."

"Si abebe tu mwavuli."

Kipyegon alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamweleza habari ya mtutu, kwa sababu mbao hufuata mtutu, kama vile kiatu hufuata mguu. Kuna mtutu wa chuma kinene. Unapiga sawasawa lakini ni mzito kama reli. Kuna wa chuma chembamba. Huo ni mwepesi, ila ukipiga risasi tatu nne mfululizo unapata joto na shabaha inaanza kutangatanga. Halafu kuna huu wa siku hizi, chuma chembamba ndani, nje kimezungushiwa nyuzi za kaboni.

"Kwa macho ni mnene, kwa mkono ni mwepesi," Kipyegon akasema.

"Kama ahadi ya mheshimiwa."

"Haswa! Na huo ndio amechagua. Lakini nisikize vizuri, fundi. Anza na nje. Ule mtaro wa kulalia mtutu uache wa mwisho kabisa, mpaka nikuambie mtutu wenyewe umefika. Hawa watu hubadilisha nia."

"Sawa sawa."

Mbao ilitakiwa iwe nyepesi, iliyokauka kabisa, isiyopinda. Shikanga hakuhitaji kuzunguka mjini kuitafuta. Aliinua tu macho jikoni kwake.

Mke wake Pascalia alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu. Alimwona anasimamisha ngazi.

"Baba Mitchel. Hilo gogo lina mwenyewe."

"Najua."

"Na mwenyewe yuko hapo ndani, masikio yake bado ni mazima."

"Hii kazi ikikubali, Kipyegon ataniletea zingine. Nitaachana na vitanda. Papa nitamtafutia gogo lingine, mukomari si dhahabu."

"Basi nenda ulete hilo lingine kwanza, ndio uguse hili."

Alipanda ngazi. Alishusha gogo, akalipeleka kwa kibanda, akalipasua kwa urefu. Na hapo niseme wazi kwa wale hawajui: ngoma hutoka kwa gogo zima la mviringo. Likishapasuliwa, hata urudi kwa magoti, ngoma haipo tena.

Mtutu wenyewe hangetumiwa, hana leseni ya kushika kitu kama hicho. Alitumiwa mfano wa plastiki, unene uleule na urefu uleule. Na hapo mikono yake ikamsaliti. Ngoma huanza na tumbo. Unachimba ndani kwanza, mti upumue, ndio utengeneze nje, la sivyo unapasuka mkononi mwako. Hivyo ndivyo mzee Barnaba alimfundisha kwa kelele na kwa makofi, na maneno ya simu kutoka Nairobi hayana nguvu ya kofi la baba. Shikanga akalaza ule mfano juu ya mbao, akachora kwa penseli, akashika tezo, halafu patasi. Alichimba kwa raha. Alipomaliza, mfano uliingia ukakaa, hata karatasi haingepita katikati. Akapiga picha, akatuma.

Simu ikaja hapo hapo.

"Umeanza na mtaro?"

"Si umeingia vizuri?"

Kipyegon akaiangalia picha tena. "Umeingia vizuri sana," akasema mwishowe. "Tuombe Mungu tu jamaa asibadilishe."

Akabadilisha. Marafiki zake walimcheka, ati kaboni inafanana na paipu ya choo, mwindaji wa ukweli hubeba chuma. Sasa anataka ule mtutu mwembamba, kama wa babu yake. Hiyo ndiyo sababu yote, usitafute ingine. Mfano mpya ukaja na kifurushi. Shikanga akaulaza ndani ya mtaro, ukabingirika upande huu na ule, kama mtoto aliyelala kwa kitanda cha mtu mzima.

"Naweza kujaza na vumbi la mbao na gundi," alimwambia Kipyegon. "Nipige msasa, hataona kitu."

"Ataona. Nilishamwuliza kuhusu kujaza, amekataa kabisa. Fundi, si nilikuambia mtaro wa mwisho?"

"Ulisema."

"Basi chonga ingine. Mti si uko?"

"Uko," Shikanga akasema.

Haukuwepo; nusu ya pili ya gogo ilikuwa na ufa katikati. Alienda Navakholo kwa mama mmoja anaitwa Nekoye, ambaye nyuma ya boma lake kulikuwa na mikomari miwili ambayo amekuwa akiiwekea hesabu kichwani. Alikuta miwa mpaka mlangoni.

"Mama Nekoye, ule mti wako mkubwa?"

"Huo ulishakuwa milango ya watu."

"Na ule wa kule chini?"

"Ule nao ulikuwa na kivuli. Miwa na kivuli haiskizani, baba." Akamwangalia. "Kwani unatafuta ya nini?"

"Ngoma ya mzee."

"Woi. Barnaba bado yuko?"

Alizunguka kwa wengine na majibu yalikuwa yaleyale. Msituni mikomari iko, lakini ukionekana huko na shoka unalala ndani. Na hata angepewa mti bure leo, ukiwa umesimama na majani yake, huo ni mti mbichi. Unahitaji miaka darini, na mzee hana miaka. Pascalia anampa uji kwa kijiko na mwingi unarudi.

Aliporudi kutoka Navakholo alimkuta mzee ameamka.

"Nilisikia msumeno," mzee akasema. "Halafu nikasikia tezo. Halafu kimya. Imekwisha? Niletee niishike."

Pascalia alikuwa mlangoni. Alimwangalia tu mume wake. Shikanga akaenda kwa kibanda akaleta ile mbao, kwa sababu hakuwa na ingine ya kuleta. Akaiweka kwa mapaja ya baba yake.

Mzee akaipapasa. Vidole vilitembea juu ya kitako laini, vikafika kwa mtaro, vikaingia, vikatafuta ukingo wa pili wa tumbo la ngoma ambao haukuwepo. Akainusa. Akaigonga na kiganja. Ikatoa sauti ya mlango.

"Huu ni mti wangu."

"Ndio, Papa."

"Umeufanya nini?"

"Ni mbao ya bunduki. Ya mtu wa kuwinda."

Mzee akapapasa mtaro tena. "Kwa hivyo mti wangu unaenda kuua."

"Hapana, Papa. Hata huko hauendi. Wameukataa."

Mzee Barnaba akaisukuma ile mbao polepole mpaka ikaanguka sakafuni, akageukia ukuta. Tangu hapo hajauliza ngoma tena. Kila asubuhi Shikanga huingia akakaa kama mtu anayengoja kuulizwa, na mzee humwomba maji, basi. Ngozi bado iko kwa msumari.

Sasa wewe. Kama kwenu kuna gogo la mukomari, kavu, zima, halijapasuliwa, liko darini au mmelifanya kiti cha wageni, usilitie kwa moto na usiliuzie watu wa milango. Niandikie hapa chini uko wapi, tutalifuata na boda hata kama ni mbali. Maoni yako juu ya bunduki kaa nayo. Tafadhali, angalia darini leo.