Jarida Lenye Tundu

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Mwanakwerekwe, mbele ya fungu la nyanya. Muuzaji wangu, mwanamke wa makamo ambaye tangu nimjue hajapata kunipunguzia bei, alipokea simu, akasikiliza, akasema, "Inna lillahi," kisha akatandika kanga juu ya nyanya zake na kuanza kutafuta viatu. Nikamuuliza kafa nani. Akanitajia mwenye jarida la maharusi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa na dada yake wa tumbo moja. Nikamwonyesha nyanya nilizokwisha kuzichagua. "Chukua tu kaka yangu, utalipa siku nyengine," akasema, na huyo akaenda zake. Nisameheni wasomaji wangu, kabla ya dua kilichonipanda moyoni kilikuwa kijicho. Nikifa mimi, niliyeijaza safu hii tangu baadhi yenu hamjazaliwa, yule mama ataendelea kupima nyanya.

Jina la marehemu silitaji, ndiyo ada ya safu hii. Tulianza kazi pamoja, gazeti moja, meza moja. Mimi nilipewa safu, yeye akapewa ukurasa wa mapishi na mambo ya nyumbani, nami nikaona Mungu amegawa kwa haki. Kisha akaacha kazi, akakodi chumba nyuma ya duka la fundi cherehani kule Malindi, jirani na bandari yetu, akasema anaanzisha jarida la harusi. Nilicheka waziwazi. Bi harusi wa Unguja haonyeshwi ovyo, na jarida la harusi lisilo na bi harusi niliona ni biriani bila ya nyama. Yeye alikubaliana nami kwamba uso hauonyeshwi, halafu akapiga picha kila kilichobaki: mikono yenye hina na piko, vikuba vya asumini, masinia ya vyakula, viatu vilivyopangwa mlangoni. Wala hakuhangaika na maduka. Alilitia jarida kwenye mikoba ya wapaka hina, ambao hakuna nyumba wasiyoingia. Likafika mpaka Kiwengwa, ambako wakulima wa mwani walikuwa wakichanga kununua nakala moja, mmoja akiwasomea huku wenzake wakifunga mwani kwenye kamba. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chake kilijiuza, na juu ya hivyo kikatembezwa.

Lakini kisa ninachotaka kukuelezeni ni cha siku ile bandarini. Nilikwenda Malindi kumpokea mgeni, nikamkuta naye anapokea mabunda ya jarida lake yaliyochapwa Dar es Salaam na kuletwa na boti. Alifungua bunda la kwanza pale pale, akapekua, mara akakaa juu ya mabunda mengine. "Nimekwisha," alisema. Palikuwa na picha ya mikono ya bi harusi, nzuri kweli, lakini nyuma ya mikono kulikuwa na kioo cha kabati, na ndani ya kioo uso wa bi harusi ukionekana wote. Mama wa binti alikuwa ameruhusu mikono tu. Uso ule ukitoka, hakuna mlango wa Unguja utakaomfungukia tena mwenye jarida, na kuchapisha upya hakuwa na uwezo nako. Nami nilinyoosha shingo nione, lakini alikuwa ameshaufunika kwa kiganja.

"Kama watoshea kwenye kiganja, ni mdogo," nilimwambia. "Nani atakayeuona?"

"Mwenyewe atauona. Na mamake."

"Basi bandika kikaratasi juu yake."

"Kikaratasi hubanduliwa, ndugu yangu. Weye hujui watu?"

Akawaita wanawake wenzake, wakajifungia chumbani kwake, wakakaa mikekani na mikasi na nyembe, wakaukata uso ule katika kila nakala, moja baada ya moja. Vipande vyote akavitia ndani ya bakuli, akampelekea mama wa binti avichome kwa mkono wake mwenyewe. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wakataji. Alirudi nyumbani na kidole kimevimba, na nilipomuuliza uso ulikuwa wa nani, aliniuliza kama nataka chai ya rangi au ya maziwa.

Jarida likatoka na tundu. Kwa bahati mbaya, nyuma ya picha ile palikuwa na mapishi ya mkate wa kumimina, na tundu likaondoka na kipimo cha hamira. Mwezi ule mikate ya mji huu mingine ilifura, mingine ikalala. Nikaona fursa nimeipata. Niliandika makala ya kejeli, nikiuliza ni msomaji gani atakayenunua tundu. Watu walicheka sana, kisha wakaenda kulinunua. Kila nyumba ilitaka nakala yenye tundu, na kila mama mwenye binti wa kuoza akasema huyu ndiye wa kuingia chumbani kwetu. Tangu siku ile hakuomba tena picha, aliletewa. Nilipokutana naye Darajani alinisalimia bila ya kinyongo, jambo lililonichoma zaidi kuliko tusi. "Weye unaandika vizuri, ndugu yangu," aliniambia. "Basi tu, huna mkasi."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka. Sisi wa magazetini tumefundishwa kwamba mwandishi bora ni yule anayetoa nje kilichofichwa, na kwa wakubwa wanaokula cha umma nasema hivyo mpaka leo. Lakini siku hizi kila mtu ana simu, na kila simu inatoa nje kila kitu. Bi harusi huonwa na mji mzima kabla mumewe hajafika mlangoni. Nilidhani simu zitamuua mshindani wangu. Hazikumuua. Zilivyozidi kutoa, ndivyo wanawake walivyozidi kumkimbilia yule mmoja aliyejua cha kubakisha. Niliona hivyo kwa macho yangu na nikachukia.

Mazikoni uchochoro haukupitika. Mke wangu alishinda matangani, akarudi macho yamemvimba, akakaa kitako sebuleni. Kwa ajili ya majonzi, au kwa kuchoka, akanieleza aliyelia kuliko wafiwa wenyewe, na kwa nini. Ndiye yule wa kwenye kioo. Akanitajia na jina. Nikasimama. Ni mwanamke mnayemjua nyote.

"Miaka yote hii hukunambia?"

"N'kwambie vipi?" alisema. "Kwani weye si mwandishi?"

Akaenda zake jikoni. Hakuniapisha, hakuniomba kitu. Nami nikakaa mezani nikaandika aya nzima: jina, mtaa, harusi ilivyokuwa, na alivyolia. Wallahi sijapata kuandika aya nzuri kama ile. Mhariri wangu angeipeleka ukurasa wa mbele, na gazeti lingekwisha kabla ya watu kumaliza chai. Nikaisoma mara mbili kwa raha. Kisha nikaenda kumuomba mke wangu mkasi, ingawa kalamu ingetosha kuifuta.

Aya hiyo ilikuwa hapa. Ikiwa safu yangu leo mnaiona fupi, sababu ndiyo hiyo. Sikujifunza wema, bado namuonea kijicho marehemu, Mungu amrehemu. Nimejifunza tu kwamba watu hawamfungulii mlango mtu kwa aliyoyasema, bali kwa aliyokuwa nayo akayanyamazia. Kesho nakwenda Mwanakwerekwe kulipia nyanya zangu, na gazeti hili nitampelekea yule mama. Akitaka aliweke kabatini, akitaka afungie nyanya za watu. Hamna uso wa mtu humu.